Moto wa Mapipa ya Taha

Ziwa likifungwa, wavuvi wa Magara hugeuka kuwa watu wa mawese. Kwa miezi mitatu nyavu zote hukatazwa ili samaki wazaliane, boti hulala kifudifudi mchangani, na mikono iliyozoea kuvuta kamba huenda kuchemsha chikichi. Heri, mwenyekiti wa komite ya ufukwe, alipata kazi ya kuchochea moto chini ya mapipa ya Taha, mkamuaji wa mawese. Watu walimwita Prezida, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Yeye alisikia ile nusu ya kwanza tu.

Hakuna aliyelilinda ziwa kama yeye. Asubuhi moja, akienda kazini, alimkuta Sikujua, mjane aliyehamia kutoka Kivu ya Kusini, maji yakimfika magotini kwenye mlango wa mto, panga mkononi, anafyeka matete.

"Dada, vifaranga vya samaki vinajificha hapo. Sisi tumefunga ziwa, wewe unawabomolea nyumba?"

"Amahoro na kwako, Prezida," Sikujua alisema bila kuinua kichwa, kana kwamba amesalimiwa kwa amani.

Heri akaita watu. Mbele yao akatamka kwamba siku ziwa litakapofunguliwa, Sikujua hatapewa kichanja cha kuanikia dagaa. Kwa mwanamke wa ufukweni, kunyimwa kichanja ni kunyimwa chungu jikoni.

Sikujua alifuta panga lake kwa ncha ya kitenge. "Sawa. Kesho uchochee moto kwa ulimi wako. Iko mukali."

Watu walicheka. Heri hakuona cha kuchekesha mpaka kesho yake, alipokuta mapipa yamejaa chikichi na ukutani hakuna hata fungu moja la kuwashia.

"Leo kuni haziji?" aliuliza.

"Kuni gani?" Taha alijibu. "Wiki zote hizi unachoma matete ya Sikujua. Kumbe ulidhani ni nini, mabua ya peponi?"

Heri aliyaona kila siku. Aliyaona yakiwa makavu, yamefungwa vizuri, yamepangwa, na hakuyauliza yalikotoka.

Akapanda kilimani kutafuta kuni, maana kiburi kilimkataza kukaa. Alipita michikichi, akapita mihogo, akafika kwenye udongo mwekundu mtupu ulioporomoka kwa mvua. Miti ilikuwa imeishia kwenye mapipa ya miaka iliyopita. Alirudi ameshika vijiti vya kuchemshia chai.

Njiani alitafuta wa kumlaumu. Sikujua? Alikata kwa kuwa Taha alinunua. Taha? Alinunua kwa kuwa kilima kilikuwa kipara. Na kilima kilinyolewa na nani, kama si wavuvi waliokosa kazi na kukimbilia mapipa, yeye akiwa wa mbele? Kila alikogeuka alimkuta mtu anayetafuta ugali wake. Ziwa walilifunga kwa mbele, wakalibomoa kwa nyuma, tena kwa mikono ileile. Kumnyima mjane mmoja kichanja kusingerudisha tete hata moja.

Uani kwa Taha kulikuwa na rundo la makapi, zile nyuzi na maganda yanayobaki chikichi zikishakamuliwa. Kila wiki walilisukumia mtoni.

"Haya yakikauka hayawaki?" Heri aliuliza.

"Yanawaka kuliko petroli. Lakini yatakaukia wapi? Ua umejaa, na chini yanaoza."

Heri aligeuka, akatazama ufukweni. Vichanja vya dagaa vilikuwa vitupu, safu kwa safu, vikiota jua bure.

Msimamizi wa vichanja alikuwa Sabine, mke wake.

"Mawese kwenye vichanja vyetu?" Sabine alisema. "Baba Chanceline, jua limekupiga. Dagaa zikinuka, wanunuzi wa Bujumbura watanirudishia usoni."

"Tutatandika magunia. Kisha tutasugua kwa mchanga na majivu."

"Mutasugua, nani na nani?"

"Mimi. Na wanaume wote wa mapipa."

"Wewe, ambaye sahani yako mwenyewe hujawahi kuiosha." Alimpima kwa macho, kama mtu anayeonja chumvi. "Na Sikujua?"

"Kichanja chake kitabaki."

"Usiniambie mimi. Ulimhukumu mbele za watu."

Jioni ile komite ilikutana, na Heri akasimama. "Nilimnyima Sikujua kichanja kwa sababu ya matete niliyoyachoma mimi mwenyewe," alisema. "Maneno yale nayafuta."

"Basi tukunyime wewe boti, Prezida," mtu alitupia kutoka nyuma. Kicheko kikapasuka, na safari hii Heri naye alicheka.

Sikujua hakucheka. "Matete tukiyaacha, mimi nitakula nini?"

Taha alijikuna shingo. Mapipa mawili ya chikichi yalikuwa yamemchachia tangu asubuhi. "Kubeba makapi na kuyageuza iwe kazi yako," alisema, "kwa bei ileile."

"Na anayefanya mzaha na bei yangu?"

"Ataniona mimi," alisema Sabine.

Makapi yaliwaka kwa ngurumo. Kilima kilibaki kipara, na Heri alijua hilo lilikuwa jambo la miaka. Lakini kwenye mlango wa mto matete yalianza kuchipua, na juu ya maji kati yake vilionekana viduara vidogovidogo, kama mvua inayonyesha kutoka chini.

Siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa, wanaume walipiga magoti ufukweni wakisugua, Sabine nyuma yao akinusa kila ufito. Sikujua alizunguka taratibu kama mnunuzi mwenye wasaa, akasimama kwenye kichanja kinachopata jua la kwanza, akakitandaza kitenge chake juu yake.

"Ni hiki," alisema. "Prezida, kona hii bado."

Heri akachota mchanga, akasugua.