Mwene Aliyevaa Ukurasa wa Kwanza

Sharamba ni nchi iliyoinama. Upande wake wa juu umekaa kwenye majabali makavu yenye mapango, ambako upepo huvuma mwaka mzima na maji hayatuami hata katika kiganja cha mkono. Upande wake wa chini umelala katika Bonde la Mwaruka, ambako udongo ni mweusi, mzito na mkarimu, lakini hewa ina unyevu mwingi hivi kwamba punje ikiachwa ndani ya nyumba msimu mmoja huota kuvu na kufa. Kwa sababu hiyo watu wa bondeni huhifadhi mbegu zao mapangoni huko juu, na huziteremsha mvua zinapokaribia. Njia ya kuteremkia ni moja tu, nyembamba, iliyopenya kati ya majabali mawili. Na palipo na njia moja tu hapakosi mtu wa kuketi katikati yake. Wakuu wa Kilele walijenga lango hapo, wakaketi.

Wakuu hao hawakulima, hawakufuga, wala hawakufinyanga. Walikuwa watu wa shingo nene na sauti ndogo, waliozoea kutembea polepole ili waonekane kwa muda mrefu, na ambao mikono yao ilikuwa laini kama maini kwa kutokushika kitu isipokuwa kile walichokusudia kukichukua. Nguvu yao yote ilikuwa katika Jicho.

Jicho lilikuwa kifaa cha kushikwa mkononi, chenye shingo iliyopinda na kitufe mahali pa kidole cha shahada. Wafanyabiashara wa nchi za mbali ndio waliolileta, wakaliuza kwa mawe ya thamani, wakaenda zao. Kitufe kilipobonyezwa, mwali mwekundu ulitoka kinywani mwake na kutambaa juu ya kibandiko chenye mistari myeusi, mfano wa ile ibandikwayo kwenye pakiti za sabuni na za majani ya chai. Jicho lilipoitambua mistari, lililia mlio mmoja mwembamba, na mzigo ukapita; lisipoitambua, liliguna. Kitu kilichogunwa kiliachwa juu ya kizingiti, na hakikuweza kuondolewa hapo mpaka Mwene, yaani Mkuu wa wakuu, akiinamie, akiwekee mkono na kutamka, “Changu.” Kuanzia hapo kilikuwa mali ya Ghala la Kilele. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Sharamba, na hata watoto waliicheza nyuma ya nyumba zao, wakigunia viatu vya wenzao.

Lakini Jicho halikuzaliwa na ugumu wa moyo, lilipangwa. Lilikuja na kitabu cha maelekezo, na katika kila ukurasa wa kitabu hicho palikuwa na mistari ya namna yake, ambayo Jicho likionyeshwa huisoma kama amri wala si kama bidhaa. Kulikuwa na ukurasa wa kulipaza sauti na wa kulinyamazisha, wa kulifanya lione mbali na wa kulifanya lione karibu. Mwene mmoja wa zamani aliipenda sauti yake akaipandisha hadi mwisho, na mbwa wote wa Kilele wakahamia bondeni, wasirudi. Mwingine aliliamuru linyamaze mizigo ya Wakuu inapopita, ili pasiwe na mtu wa kusikia ni mingi kiasi gani. Ukurasa uliopendwa kuliko zote, hata hivyo, ulikuwa ule ulioliamuru Jicho likatae mistari myembamba. Kwa maana watu wa bondeni walichora vibandiko vyao kwa masizi na ncha ya unyasi, na mistari yao ilikuwa myembamba kama nywele. Kila asubuhi ya siku ya lango, Mshika-Jicho aliutoa ukurasa huo kwenye mkoba wa ngozi, akaumulika, Jicho likalia mara mbili kukiri kwamba limeelewa, na dhuluma ya siku ikaanza kwa utaratibu mzuri.

Katika miaka ninayoisimulia, Mwene alikuwa Tandaruba, mtu mwenye tumbo la kuheshimika na hofu ya kuibiwa, na Mshika-Jicho alikuwa Kilobwe, aliyesomea ng'ambo ya milima na kurudi na miwani. Mchwa walikuwa wamekiingia kitabu cha maelekezo, wakala sauti, wakala ukimya, wakala mbali na karibu. Zilisalia kurasa mbili tu: ule wa kukataa mistari myembamba, na ule wa kwanza kabisa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari minene, mizuri, iliyopangika kama nguzo za jumba, na chini yake maandishi ya kigeni. Washika-Jicho waliotangulia waliusiana jambo moja tu: usionyeshwe Jicho kamwe. Sababu haikutajwa, na agizo lisilo na sababu halichukui muda mrefu kugeuka kuwa takatifu. Uliviringishwa katika hariri, ukapewa chumba chake.

“Wewe umesoma, Kilobwe,” Mwene alimwambia. “Pameandikwa nini hapa chini?”

Kilobwe aliyainamia maandishi kwa muda wa kutosha kuonekana msomi. Lugha ile hakuijua. Aliyojifunza ng'ambo ya milima ilikuwa nyingine.

“Pameandikwa, ‘Mwenye Vyote,’ Mwene.”

“Nilijua. Mistari minene namna hii haiwezi kuwa ya mtu mwembamba.” Mwene aliupapasa ukurasa. “Nao mchwa?”

“Mchwa hawachagui, Mwene.”

“Basi utatoka kwenye karatasi, uje mwilini mwangu. Nataka ufumwe kwenye kanzu yangu, kifuani hadi magotini, mstari kwa mstari. Atakayetaka kuuiba itabidi aniibe mimi.”

Kilobwe alikumbuka ule wosia wa usionyeshwe Jicho. Lakini aliyekwisha kusema kwamba pameandikwa “Mwenye Vyote” angewezaje kusema kwamba Mwenye Vyote asisimame karibu na kifaa chake mwenyewe? Kanzu ikafumwa, nyeupe kama maziwa, na mistari yake myeusi ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu wafumaji wa Kilele walikuwa hodari na hawakuulizwa maoni.

Mawingu yalipoanza kukusanyika mwaka ule, watu wa bondeni walipanda mapangoni wakateremka na walichobakiwa nacho. Mbele kabisa ya foleni alisimama Nyamizi, mjane mrefu mwenye mabega ya kubebea, na kichwani mwake palikuwa na gunia la ulezi. Lilikuwa gunia la mwisho. Misimu iliyotangulia ilikuwa imekwenda yote Ghalani, na familia za Mwaruka zilikuwa zimekusanya vikofi vyao vya mbegu vilivyosalia katika gunia hilo moja, zikamkabidhi yeye. Likipita, bonde litapanda na kugawana miche. Lisipopita, mvua itanyesha juu ya udongo mtupu.

Nyuma yake alikuwa Gondwe, mtani wake, mwenye mbegu za maboga katika kibuyu.

“Mtani, mbona shingo imekakamaa?” Gondwe aliuliza. “Hilo gunia au jeneza?”

“Mbegu zako zikigunwa utakula nini, kibuyu?”

“Nitahamia kwako.”

“Kwangu mbwa wamejaa. Tena wa Kilele, wana adabu kuliko wewe.”

Waliokuwa karibu walicheka kwa sauti ya chini, kama watu wanaocheka hospitalini. Kisha ngoma ikapigwa, na Mwene Tandaruba akatokea katika kanzu yake mpya, akitembea polepole kuliko siku zote, kwa kuwa safari hii kulikuwa na cha kutazamwa.

Kilobwe alilimulikia Jicho ukurasa wa kukataa. Likalia mara mbili. Nyamizi akalishusha gunia kwenye kizingiti, akakigeuza kibandiko juu. Mwali mwekundu ukatambaa juu ya mistari ya masizi, ukasita, ukarudi, na Jicho likaguna.

Nyamizi hakulia, aliitazama tu mikono yake, kana kwamba ilikuwa imeangusha kitu. Mwene akapiga hatua, akainama juu ya gunia na kunyoosha mkono wake laini. Na kwa kuwa kanzu ilikuwa pana na mwali wa Jicho ulikuwa bado haujazimwa, ile mistari minene, mizuri, iliyopangika kama nguzo za jumba, ikapita yote mbele ya kinywa chake.

Jicho likatoa mlio ambao mtu yeyote aliye hai katika Sharamba alikuwa hajawahi kuusikia: mrefu, wa kushuka, mfano wa mtu anayetua mzigo aliosahau kwamba ameubeba. Mwali ukazimika. Ukawaka tena. Chini yake palikuwa na kibandiko cha Nyamizi, na Jicho, ambalo kwa wakati huo lilikuwa limesahau kila lililofundishwa na kurudi katika hali liliyotoka nayo kiwandani, likaisoma mistari myembamba na kulia mlio mmoja safi.

“Limekubali,” alisema Gondwe.

“Limeguna kwanza,” alisema Kilobwe.

“Limeguna, halafu limemwona Mwene likakubali. Au Jicho halimtambui Mwene?”

Swali hilo halikuwa na jibu salama. Mwene mwenyewe, ambaye mkono wake ulikuwa umefika nusu ya njia, aliyageuza macho yake kutoka kwenye gunia hadi kwenye nyuso za watu, akaona jinsi zilivyomtazama, wazi na zenye furaha, kama ambavyo hazikuwahi kumtazama. Akaunyanyua mkono ule juu, ukawa wa kubariki.

“Lipite,” alisema.

Nyamizi alijitwika gunia kabla neno halijamalizika, akapita.

Kilobwe alilipanga Jicho upya. Likakataa mbegu za Gondwe, Mwene akainama, ule mlio mrefu ukasikika, mbegu zikakubaliwa. Kufikia mzigo uliofuata Kilobwe alikuwa ameelewa kila kitu, na jasho likamtiririka nyuma ya miwani. Alichotakiwa kusema ni kwamba Mwene aivue kanzu. Lakini kusema hivyo kulikuwa ni kusema kwamba maandishi yale hayakumtaja Mwenye Vyote, na kusema hivyo kulikuwa ni kusema kwamba hajui kusoma. Aliifuta miwani yake, akaendelea na kazi. Wakati mizigo ya Wakuu ilipofika, iliyozoea kupita kimya, Jicho lililia kwa kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likawa la utosi, na foleni nzima ikasikiliza kwa makini.

Mvua zilinyesha. Ulezi ukaota. Watu wa Mwaruka wakapeana miche kutoka kiambo hadi kiambo, na jioni moshi wa majiko ulipanda moja kwa moja, bila haraka. Kila siku ya lango, Kilobwe alilipanga Jicho, na watu waliita kwa adabu kubwa, “Mwene, sogea karibu, wa nyuma hatuioni kanzu.” Naye alisogea. Haikuwepo nchi ambayo mtawala wake alipendwa namna hiyo, na yeye alinawiri kwa mapenzi hayo, akaacha hata kuuliza kwa nini Ghala lina mwangwi.

Mpaka mavuno yalipopandishwa mapangoni. Siku hiyo jua lilichoma majabali hadi yakanuka, na Mwene Tandaruba akatokea amevaa joho zito la sufu juu ya kanzu, limefungwa vifungo kutoka shingoni hadi miguuni. Ama alikuwa ameambiwa, ama alikuwa ameketi peke yake katika Ghala tupu mpaka akajiambia mwenyewe, hakuna aliyejua. Kilobwe aliitazama ardhi. Nyamizi alilishusha gunia jipya la ulezi juu ya kizingiti, na Jicho, lililokwisha kupangwa, likaguna.

Mwene akainama na kunyoosha mkono. Mwali mwekundu ukatambaa juu ya joho, ukatafuta mstari, usiuone, ukapanda, ukashuka, na Jicho likamgunia Mwene, mguno mzito wa vitu vinavyokataliwa.

Askari wa lango, ambaye hakuwahi kufundishwa jambo jingine ila kukizuia kilichogunwa, aliuteremsha mkuki wake nyuma ya Mwene, ukamfungia kizingitini. Kisha akagundua alichokifanya, akabaki ameushika hivyo hivyo, kwa kuwa kuunyanyua kungekuwa kuvunja sheria.

“Mwene,” alisema Nyamizi kwa heshima, “kilichogunwa hakiondoki hapo mpaka kiwekewe mkono. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Ni wewe ujiwekee, useme ni cha nani. Au ulifungue joho, Jicho likuone.”

“Kuna joto, Mwene,” Gondwe aliongeza. “Hata sisi tunakuonea huruma.”

Mwene Tandaruba aliupeleka mkono wake laini shingoni, penye kifungo cha kwanza, na hapo ukakaa; na kutoka kwenye foleni haikuwezekana kujua kama kilikuwa kinafunguliwa au kinakazwa. Watu wa Mwaruka waliitua mizigo yao chini, wakakaa juu yake. Mtu mmoja alitoa viazi vitamu vya kuchemsha, vikapitishwa mkono kwa mkono, hata kwa yule askari. Jicho lilikuwa bado linawaka.