Tuanzie Msafara Upi

Angesema neno moja tu siku ile, "Twende," akajitupa kwenye kochi, mambo yangeisha hapo. Lakini fundi wetu hakuwa mtu wa neno moja, hasa ikitajwa Msafara wa Zohali. Alijijua hivyo. Ubaya ni kwamba kujijua hakukuwahi kumzuia kufanya ujinga hata mara moja.

Ilikuwa asubuhi, likizo ndiyo kwanza imeanza. Binti wa mkewe alikuwa amesimama mbele ya rafu ya sebuleni, mswaki mdomoni, akiangalia safu ya makasha ya diski yaliyopangwa kwa kimo na rangi. Akasema huku povu likimtoka pembeni mwa midomo, "Hizi katuni za anga, siku moja tuzitazame basi."

Mwingine angeona ni maneno ya kawaida. Yeye alijisikia kama amepigiwa simu kutoka Ikulu. Tangu amuoe mama wa binti huyu na kuhamia kwao, alikuwa amepewa heshima zote na hakuna zaidi ya hapo. Shikamoo ya asubuhi, asante ya mezani, usiku mwema ya mlangoni. Binti hakumwita baba, hakumwita anko, hakumwita chochote. Akimhitaji kutoka chumba kingine, alikuja mpaka mlangoni akakohoa. Fundi alikuwa ameshazoea kugeuka akisikia kikohozi, na siku moja sokoni alimgeukia mgonjwa wa mafua akamuuliza, "Ndiyo, mwanangu?"

Sasa mtoto mwenyewe kaja na ombi. Likizo ikiisha anarudi shule ya bweni, na mlango uliofunguka wenyewe utafungwa. Fundi aliyaelewa yote hayo vizuri kabisa. Kisha akafungua mdomo na kusema, "Ngoja kwanza nipange tuanzie wapi."

"Si tuanzie ya kwanza?"

"Ya kwanza kwa maana ipi?"

Mswaki ukasimama. Binti akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeulizwa saa akajibu kwa kueleza jinsi saa inavyotengenezwa. "Sawa," akasema, akaenda kusukutua.

Tumtendee haki kidogo, maana hata mjinga ana upande wake. Katuni zenyewe ni tano. Kuna Msafara wa Zohali wenyewe, wa zamani, michoro yake inatetemeka kana kwamba wachoraji walikuwa na homa. Kuna Watoto wa Injini, uliofuata. Kuna Kabla ya Msafara, ambao ulitengenezwa wa tatu ingawa mambo yake yanatokea mwanzo kabisa. Halafu Pete Nyeusi, halafu Kurudi. Katika ule wa zamani, mabaharia wa anga wanaongozwa na Sauti ya redioni ambayo hakuna anayejua ni ya nani, na utamu wote umo katika kutojua huko. Sasa Kabla ya Msafara unakutajia mwenye Sauti hata kiti hakijapata joto. Ukianza na huo, umekwisha. Ukiuacha mwisho, nusu ya Pete Nyeusi inakupita. Mwenye Sauti ni nani, hapa hatusemi. Kuna watu hawajatazama, na sisi tuna adabu.

Kwenye kundi la mashabiki la simuni, watu wazima wenye vitambi na majukumu waligombana juu ya jambo hili mwaka mzima. Yeye mwenyewe aliwahi kutolewa kundini kwa kumwita mhasibu mmoja msaliti. Akarudishwa baada ya kuomba radhi, ingawa moyoni bado alimwona msaliti.

Tena kazi yake ilimharibu zaidi. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kiwandani. Karatasi kubwa zikishachapwa hukunjwa, na mikunjo hiyo hupangwa mmoja baada ya mwingine kabla ya kushonwa. Mgongoni mwa kila mkunjo kuna alama ndogo nyeusi, na kila mkunjo alama yake iko chini kidogo ya mwenzake. Ukiipanga sawasawa, alama hushuka kama ngazi. Ngazi ikiruka, kitabu kimeharibika. Macho yake yalikuwa yametafuta ngazi hiyo tangu ujana, hata akiona watu kwenye foleni alitamani kuwapanga kwa vimo.

Basi akaleta nyumbani mabaki ya karatasi ngumu, akayakata kadi, kila kadi msimu mmoja, akazitia alama nyeusi kama za kazini na kuzitandaza kwenye meza ya chakula. Alizihamisha. Alizirudisha. Alitoa sehemu mbili za Watoto wa Injini akazichomeka ndani ya Msafara, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono kama mchoraji wa ramani.

Mkewe alirudi kutoka kazini akakuta meza imetekwa. Yeye ni mtu wa maabara. Kutwa nzima anatazama damu za watu, na hana subira na visingizio.

"Mume wangu, tutakula wapi?"

"Kwenye kochi. Siku chache tu."

"Mtoto kasema mtazame katuni. Mbona mimi naona mmefungua kiwanda?"

"Mwanzo ukikosewa, mke wangu, mengine yote yanakwenda kombo."

"Haya," akasema mkewe, akiinua sahani yake. "Ukipata mwanzo utuambie na sisi."

Mara ya kwanza binti alipita mezani, akainama kuzitazama kadi, akauliza, "Bado?" Fundi akajibu, "Karibu," bila kuinua kichwa. Mara ya pili alipita tu. Fundi aliisikia ile hatua isiyosimama na ikamuuma, akajiambia kwamba atamfidia kwa mpangilio ambao haujawahi kuonekana duniani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijifariji, masikini, kwa dawa ileile iliyomtia ugonjwa.

Kiwandani nako mambo yakaharibika. Siku hiyo walikuwa wakijalidi vitabu vya hesabu vya shule, na mikono yake ilipanga mikunjo huku kichwa chake kikiwa Zohali. Mzee wa mtambo wa kuchapia, ambaye kila mtu alimwita Wino kwa sababu ya kucha zake, aliokota kitabu kimoja kilichokwisha kushonwa, akafunua, akafunua tena.

"Bwana mdogo, njoo uone maajabu. Kitabu hiki kinatoa majibu, halafu ndiyo kinauliza maswali."

Fundi akaangalia migongo ya vitabu vilivyobaki. Ngazi ilikuwa imeruka, na imeruka kwa vyote. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yeye, aliyekuwa akiwasema vijana wa idara nzima kwa alama moja iliyopinda!

Wakakaa wawili kuvifumua vitabu, uzi kwa uzi. Wino akamuuliza kinachomsumbua, naye akaeleza yote, tangu mswaki mpaka kadi, kwa urefu, pamoja na hoja za mhasibu.

"Mtoto mwenyewe alisemaje?" Wino akauliza.

"Alisema siku moja tuzitazame."

"Alisema kwa mpangilio?"

"Hakusema."

"Basi," akasema Wino, akatia kitabu kingine kisu.

Ungetegemea hapo akili imrudie. Haikurudi. Kilichomrudia ni wazo: aanze na Msafara, akate kabla ya sehemu ya mwisho, arukie Kabla ya Msafara lakini bila dakika zake za mwanzo, ndipo arudi. Kamili! Akaomba ruhusa ya kutoka mapema, msimamizi akampa upesi kuliko kawaida, bila shaka kwa ajili ya usalama wa vitabu. Akapitia dukani akanunua bisi na soda, akapanda ngazi za nyumbani akipiga mluzi wimbo wa Msafara.

Mlangoni akasita. Wimbo ulikuwa ukiendelea ingawa yeye alikuwa ameacha kupiga mluzi.

Walikuwa kwenye kochi, mama na binti, miguu juu ya stuli, bakuli la bisi katikati. Kwenye runinga ilikuwa Pete Nyeusi. Tena si mwanzo wake. Msimu wa pili, katikati, jeshi zima linarudi nyuma.

"Huyu mwenye masikio marefu ni mwema au mbaya?" mkewe alikuwa akiuliza.

"Nadhani mbaya," binti akajibu. "Ila ana huruma."

"Zimeni!" Fundi alikwisha fika katikati ya chumba, mfuko wa bisi kwapani. Akainyakua rimoti, akasimamisha picha. "Hapa sipo pa kuanzia! Huyo mwenye masikio hamwezi kumwelewa, hamjamwona akiwa mdogo. Na hiyo vita hamjui imetoka wapi. Mmeanza katikati! Hakuna mtu anayeanza katikati! Nimewapangia, nimekesha kichwa kinauma, na nyinyi mnachomoa diski yoyote tu kama mnachomoa kiazi guniani!"

Alijisikia akisema. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba alijisikia vizuri sana, sauti nyembamba ya mtu mzima anayegombea katuni, na bado ulimi uliendelea.

Binti akashusha miguu kutoka kwenye stuli. Akapangusa chumvi ya bisi mikononi. "Basi, samahani," akasema kwa ile sauti ya mezani, ya asante na usiku mwema, akaanza kuelekea chumbani kwake. Fundi akauona mlango ukifungwa hata kabla hajaufikia.

Kisha binti akageuka.

"Lakini nauliza tu. Na wewe si ulikuja kwetu katikati?"

Mkewe akaacha kutafuna.

"Ulinikuta tayari nina meno ya ukubwani," binti akasema. "Kuna mtu alikwambia ngoja kwanza, rudi ukaanze nilipozaliwa? Ulikuja tu ukakaa mezani. Mama alikuwa anataja watu huwajui na wewe unacheka."

Ilikuwa kweli. Alicheka vichekesho vya mjomba fulani na ndoo kwa miezi bila kujua ndoo imetoka wapi, na mpaka leo hana hakika. Hakujua kwa nini taa ya barazani haizimwi, akaambiwa siku moja, kwa bahati, wakikunja nguo. Hakuna aliyempangia. Alishika kidogo hapa, kidogo pale, akakosea, akasogezewa kiti. Alikuwa amependa nyumba hii yote akiwa hajaielewa hata nusu, na ajabu ni kwamba haikumpungukia utamu wowote.

Alitaka kusema jambo zito. Alichoweza ni kuishika rimoti kwa mikono miwili na kumpelekea, kama mtu anayesalimisha silaha.

"Rudi ukae," akasema. "Nimekosa. Tuendelee hapahapa mlipofika."

"Hutaeleza eleza?"

"Sitaeleza."

"Hataweza," mkewe akasema, akasogea kumpa nafasi.

Akakaa ukingoni, soda zikiwa bado mapajani. Jeshi likaendelea kurudi nyuma. Mwenye masikio akasaliti, kisha akajuta, na fundi akauma mdomo. Meli moja ilipita ambayo ina historia ndefu ajabu, akaiacha ipite. Shingo ilimtoka jasho. Kujalidi kamusi nzima kwa mkono mmoja kungekuwa kazi nyepesi zaidi.

Ndipo taa za chomboni zikazimika zote, na kutoka kwenye redio, katikati ya mikwaruzo, ikaja Sauti.

Binti akasogea mbele. "Hiyo sauti ni ya nani?"

Mkewe akamgeukia mumewe. Binti naye akamgeukia. Fundi alikuwa anajua tangu hajaota ndevu. Alikuwa ametolewa kundini kwa ajili ya jambo hilihili. Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni mpaka kwenye fizi.

"Sijui," akasema.

Binti akamtazama usoni, polepole, kuanzia jasho la paji mpaka kidevu kilichokuwa kikitetemeka, na pembe ya mdomo wake ikaanza kupanda.

"Muongo wewe," akasema, akamtupia punje ya bisi, akageukia runinga.

Ikamgonga shavuni na kuangukia kwenye shati. Tangu ahamie nyumba ile mtoto yule hakuwahi kumvunjia heshima hata kidogo. Akaiokota ile bisi, akaila, na ilibidi ajifanye imempalia ili wasiyaone macho yake.