Leseni ya Hemedi

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Gideoni, fundi wa kukodi, alikaza skrubu ya mwisho ya kompyuta, akapangusa mikono kwenye suruali na kumwambia Elizabeti awashe. Elizabeti hakuwasha. Alimwambia awashe mwenyewe.

Steshenari ya Elizabeti ilikuwa mtaa wa Chuno, chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Kompyuta hiyo iliungua siku ileile umeme ulipomuua fundi aliyekuwa akiitengeneza, Hemedi. Hemedi alizikwa kijijini kwao Msimbati. Kompyuta ilikaa chini ya meza, imefunikwa kanga, mpaka Gideoni alipoagiza madabodi nyingine, ule ubao mkuu wa ndani, kutoka Dar es Salaam.

Mashine iliwaka vizuri. Kisha programu ya kuandikia ikagoma. Ilisema hii si kompyuta iliyopewa leseni, na kwamba mwenye leseni apige simu kuihuisha.

"Ukiibadilishia madabodi inajiona mgeni," Gideoni alisema. "Nikuwekee programu ya diski ya kuchoma, isiyo na leseni? Mji mzima unatumia hizo."

"Mitihani niliyochapa itafunguka?"

"Haifunguki. Hemedi aliifunga kwa leseni yake. Yule naye, kwa mambo ya halali, utadhani anakwenda kuhiji na kompyuta."

Mitihani yenyewe ilikuwa ya majaribio ya kidato cha nne, ya shule nne, na walimu wakuu waliitaka Jumatatu. Karatasi walizoandika kwa mkono zilikwisha kuchomwa moto, maana ndivyo mitihani inavyotunzwa. Shule hizo zikiondoka, steshenari ingebaki na kazi ya kutoa kopi za vyeti vya ubatizo. Elizabeti akapiga simu kwa wakala wa programu Dar es Salaam.

"Mwenye leseni ni nani?" aliuliza binti wa huko.

"Hemedi. Amefariki."

"Pole, mama. Basi mwambie aje kwenye simu."

Elizabeti alisema sawa, akakata.

Hemedi alikuja kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, amevaa shati lake la mistari. Fundi cherehani wa jirani alimwona akipita.

"Umepungua, fundi!"

"Chakula cha kule hakina chumvi," Hemedi alijibu, akaingia ndani.

Alimsalimia Elizabeti, akainama kuitazama madabodi mpya, akasema Gideoni amefanya kazi safi. Elizabeti alimwekea kiti. Hakuweza kumtazama usoni, akatazama viatu vyake, navyo vilikuwa na mchanga. Alingoja aguse habari ya siku ile. Hemedi hakuigusa.

"Haturuhusiwi kusema tulivyokufa," alisema, kama mtu anayeeleza masharti ya benki. "Tunaruhusiwa habari za kazi tu. Nipe simu."

Alizungumza na yule binti, akamsomea tarakimu zilizokuwa kwenye kioo. Binti alipekua orodha yake, kisha akasema sauti ameitambua ila jina limeshahamishwa. Leseni ni ya mtu mmoja, na Hemedi sasa ni mwingine.

"Kweli bwana," Hemedi alisema. "Nilisahau arobaini imepita."

Kwao, arobaini ikishasomwa, mpwa hurithi jina la mjomba wake. Mussa, mtoto wa dada yake, mkulima wa mihogo na korosho mwenye wake na watoto, alikalishwa mkekani mbele ya ukoo akaitwa Hemedi. Tangu hapo bibi yake, mama wa Hemedi, alimwita mwanangu.

"Mlete yeye," Hemedi alisema. "Nitamkabidhi ufundi, leseni na yote ninayoyajua."

"Yote?"

"Mama Goodluck, leseni haikatwi vipande."

Elizabeti alielewa. Siku ile Hemedi alizima swichi kuu kabla ya kutia mkono ndani ya mashine. Kulikuwa na mteja anataka fotokopi, ana haraka, na Elizabeti naye si mtu wa kumchelewesha mteja. Akainyanyua swichi, umeme ukarudi. Walipokuja watu wa mtaa na baadaye polisi, alisema fundi alisahau kuzima umeme. Neno hilo lilifika Msimbati kabla ya maiti. Sasa huko mtoto akiacha jiko linawaka anaambiwa asiwe kama Hemedi, na Mussa, aliyerithi jina, vijana humwita Hemedi Msahaulifu.

Elizabeti angeweza kuziacha shule ziende zake. Aliwaza hivyo akisonga ugali, akawaza tena akiosha vyombo. Kisha akawaza ada ya mwanawe Goodluck, akatuma mtu Msimbati.

Jumamosi Mussa alikuja na Salma, mjane wa Hemedi. Salma alitaka kupaona mahali penyewe, hakuwahi kufika. Hemedi alikuwa tayari yuko kitini. Salma alimwambia mtoto wao Nuru amepona homa, naye akasema alhamdulillahi.

"Shikamoo, mama," Mussa alimwamkia Elizabeti kwa adabu, kanzu yake bado inanukia sanduku.

"Marahaba, baba."

Simu ilipigwa. Hemedi alimshika mpwa wake mkono, akauweka juu ya kompyuta, na yule binti wa Dar akasoma tarakimu mpya. Kila tarakimu Hemedi alizidi kufifia, mpaka kiti kikabaki kitupu na mchanga kidogo chini yake. Programu ikafunguka. Mussa, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, aliketi akaifungua mitihani yote minne.

Kisha akainua kichwa.

"Hujambo, mama Goodluck?" alisema. Hakumwamkia shikamoo tena. Hemedi na Elizabeti walikuwa rika moja.

"Sijambo," Elizabeti alisema.

Salma alikuwa amesimama karibu na swichi kuu, anaitazama. "Umepewa yote?" alimuuliza yule mwanamume.

"Nimepewa yote."

"Basi niambie. Wewe uliyekuwa ukitoka kitandani mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa. Ulisahau kweli?"

"Mimi sasa ni Hemedi, na Hemedi haruhusiwi kusema alivyokufa. Muulize aliyekuwepo."

Salma akageuka. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeomba maji. "Alisahau, mama Goodluck?"

Printa ilikuwa imeanza kutoa mtihani wa Jiografia, karatasi baada ya karatasi. Elizabeti aliokota moja iliyoanguka, akaikung'uta.

"Alisahau, mama Nuru," alisema.

"Haya," Salma alisema. "Nami sitauliza tena."

Alijifunga kanga yake vizuri, akaaga, akaenda kutafuta gari la kurudi. Hakuna aliyemzuia.

Hemedi mpya aliuliza kama nafasi ya fundi ipo. Elizabeti alisema ipo. Alianza Jumatatu, asubuhi walimu wakuu walipokuja kuchukua mitihani, wakaisifu kwa usafi wake.

Saa nne aliletewa kompyuta ya zahanati. Aliiweka mezani, akaenda ukutani akazima swichi kuu, akarudi, akafungua mfuniko. Kabla ya kutia mkono alimwomba Elizabeti atoke nje, na wateja nao watoke, asibaki mtu. Elizabeti akatoka, akasimama juani pamoja na wateja. Mmoja wao alisema huyu ndiye fundi, tena ni mwangalifu, si kama yule wa kwanza.

Elizabeti alisema ndiyo.