Pangaboi la Kushoto

Marehemu Alois wangu hakuijua nyekundu wala kijani. Kwake zote mbili zilikuwa rangi ya udongo, na siri hiyo tuliijua mimi na yeye tu. Alikuwa mwoka mikate hapa Kunovice, na mkate hauulizi rangi. Kilichomtesa ni ndege zake za plastiki, alizoziunda kwenye meza yangu ya jikoni huku akinidondoshea gundi kitambaani.

Ya mwisho ilikuwa mfano wa Morava, ile teksi ya angani yenye injini mbili tuliyopanda siku ya harusi yetu, nikatapika ndani ya kofia yake mpya. Hiyo hakutaka ikae tu kabatini. Alitaka mapangaboi yazunguke kama siku ile. Akang'oa vimota kwenye simu mbovu, vile vya kuitikisa simu, akavificha mabawani, na nyaya zake nyembamba, nyekundu na kijani, akazipitisha hadi kwenye magurudumu. Kila jioni ilikuwa hadithi ile ile.

"Drahuš, nyekundu ni ipi?"

"Hiyo unayoitupa, kipofu wangu."

"Kipofu aliyekuchagua wewe!"

"Ndiyo maana nikakubali. Mwenye macho angekimbia."

Jinsi ninavyoukosa upuuzi ule, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha nikavunjika nyonga, nikalazwa. Alois alikuja kila siku na koláče, vimkate vitamu vya jibini, unga bado uko kwenye nyusi zake. Siku moja alifika akijigamba: "Bawa la kushoto nimelifunga, gundi na rangi juu. Peke yangu! Ukirudi tunawasha pamoja."

Nilirudi kwa mkongojo, kumzika. Moyo ulimsimama akiwa usingizini.

Majira yote ya baridi sikuigusa ile ndege. Theluji ilipokwisha alikuja Vlastimil, rafiki yake wa klabu ya ndege ndogo. Akavua viatu mlangoni, nikamwekea kahawa na betri mezani. Nilitaka jambo moja tu, niyaone mapangaboi yakizunguka kama nilivyoahidiwa.

Akagusisha nyaya za magurudumuni kwenye betri. La kulia likavuma. La kushoto nalo likavuma, nikapiga makofi. Lakini Vlastimil alikunja uso, akasogeza kipande cha karatasi nyuma ya kila pangaboi. Kwa la kulia kilipeperukia mkiani. Kwa la kushoto kilivutwa mbele.

"Shemeji, hili linazunguka kinyume! Alois kachanganya nyaya, fundi mzima! Wenzetu watamcheka hukohuko kaburini." Akatoa kisu kidogo. "Zimeunganishwa humo ndani. Napasua bawa hapa, nazigeuza, napaka rangi upya. Kovu hulioni."

Ndipo nikaelewa, na machozi yakanitoka mbele ya mgeni. Bawa la kulia tulilifunga sisi wawili. Hili alilifunga mwenyewe, hana wa kumwuliza, akabahatisha.

"Rudisha kisu chako mfukoni."

"Lakini shemeji, ndege ya hivi hairuki. Injini moja inakwenda mbele, nyingine inarudi nyuma. Haiendi popote hii!"

"Basi ibaki na mimi," nikamwambia. "Aliyekwenda mmoja ananitosha. Kunywa kahawa, inapoa."