Risasi Nilizozinoa

Watu wa kijiji chetu wakisimulia habari za mwaka wa sabini na tano huanza na simba. Mimi nikiwasikia huchukua kofia yangu nikaondoka, maana nikikaa nitagombana na mtu. Simba alikula watu watatu, hilo sibishi. Wiki mbili baada ya mambo haya Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori wa Singida, alipata petroli, akaja na Landrova yake, akamwua kwa risasi mbili na kutufunulia kinywa chake: meno yameoza, miiba ya nungu imezama kwenye fizi. Alikuwa simba mzee mwenye njaa, basi. Lakini waliokufa mwaka ule walikuwa watano, na wawili ni wangu.

Jina langu Ezekieli, fundi chuma, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Baba yangu alifua mikuki na majembe, na babu vivyo hivyo. Nilihamia kwa Wanyaturu, karibu na Mtinko, kwa sababu ya mnada. Penye ng'ombe wengi fundi hakosi kazi. Mnyaturu na Mnyiramba ni watani, kwa hiyo kila siku nilitukanwa na kila siku nilitukana, tukacheka, tukaachana salama. Aliyenitukana vizuri kuliko wote alikuwa Mathayo, mzee wa makamo aliyewahi kupigana Burma, ambaye ndiye peke yake kijijini aliyejua kulenga bunduki.

Mwaka uliotangulia tulihamishiwa kijiji kipya. Nyumba zilipangwa kwa mistari katikati ya vichaka ambavyo hata wachungaji walikuwa wakivikwepa. Mtu mmoja alikataa kuhama: Mama Kristina, mjane mzee, aliyesema hawezi kuliacha kaburi la mumewe. Mgambo walikwenda mara mbili na mara mbili akawakaribisha uji, wakanywa, wakarudi. Alibaki kwenye tembe lake ng'ambo ya korongo pamoja na binti yake Felista, wakafunga uzio wa miiba mrefu kuliko mtu na kulaza mbuzi ndani ya nyumba. Simba alipoanza kuua, nyayo zake zilionekana zikipita nje ya uzio ule, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyepotea. Sisi tulioishi kwa mistari, bila uzio, ndio tulioliwa.

Alianza na mchungaji. Akafuata mtoto wa jirani yangu. Mwenyekiti wetu Antipasi alikwenda Singida, akarudi na kibali na bunduki aliyoazimwa na Bwana Nyama, kwa kuwa Bwana Nyama mwenyewe hakuwa na mafuta ya gari. Bunduki ilikuwa ya Mzungu mmoja wa zamani aliyetafuta dhahabu Iramba. Mchwa walikuwa wamekula kitako chote, na alama ya mbele ya kulengea ilikuwa imeng'oka. Antipasi aliilaza mezani kwangu kama mgonjwa na kuniambia nitengeneze haraka.

Nikiri nilichokiona: niliipenda. Mtutu wake ulikuwa mpana, kidole changu kidogo kiliingia hadi mwisho wa kucha. Haikuwa na komeo la kuvuta kama bunduki za polisi. Chini ya triga palikuwa na kitanzi cha chuma. Ukikisukuma mbele ganda tupu linaruka nje, ukikirudisha risasi mpya inaingia na nyundo iko tayari. Risasi zenyewe zililala ndani ya bomba chini ya mtutu, zimefuatana kwa mstari, pua ya moja ikigusa tako la nyingine. Nililitazama bomba hilo, nikalisafisha, nikalipaka mafuta ya kondoo. Kulitazama nililitazama, kulifikiria sikulifikiria.

Nilichonga kitako kipya kwa mninga mkavu. Nilimpima Mathayo kuanzia kwenye kiwiko hadi kidole cha triga, kama fundi cherehani anayempima bwana harusi, naye akawa anawaambia watu kwamba Mnyiramba huyu anampima jeneza. Bega lake lilikuwa na kovu la vita, basi nyuma ya kitako nikashona ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Pale kitako kinapoungana na chuma nilizungushia ngozi mbichi ya ndama, ambayo ikikauka hukaza kuliko waya. Alama ya kulengea nilichonga kwa shaba ya kufuli, nikaitia ncha nyeupe ya jino la ngiri ili aione hata kwenye kivuli cha kichaka. Nikaweka pete mbili na mkanda wa ngozi ya ng'ombe. Siku ya nne Mathayo aliipandisha begani akiwa amefumba macho, akayafumbua, na ile ncha nyeupe ilikuwa katikati kabisa.

Kisha akaziona risasi. Zilikuwa tisa, nene, za madini laini, pua zake zimekatwa bapa.

"Mtani," akasema, "hizi ni risasi au ni vifungo vya koti? Ndiyo maana mikuki ya baba yako ilikuwa inaamsha tembo tu."

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini maneno yalinichoma, na mimi nina hasira za karibu. Mtu aliyezaliwa kwenye mivukuto hawezi kutazama kitu butu akatulia. Kwetu kumpa mwindaji mkuki usionolewa ni sawa na kumpa mgeni chungu kitupu. Waliozitengeneza risasi zile walikuwa na sababu zao, na sikujiuliza ni zipi. Nilitoboa pua ya kila moja na kuitia kipande cha spoku ya baiskeli nilichokikomaza kwa moto, kisha nikakinoa kwa tupa hadi kikachoma ngozi. Nilijiona bingwa.

Kwa kuwa risasi zilikuwa chache, nilijaribu moja tu. Niliitia peke yake, nikapiga kichuguu, ikapenya upande huu na kutokea upande wa pili. Mathayo alinikumbatia na kuniita fundi mbele ya watu wote, si mtani, fundi.

Jumanne asubuhi simba alimchukua mwanamke kisimani. Ndoo ilikuwa bado imesimama na maji yake. Tulifuata damu na kipande cha kanga, Mathayo mbele na risasi tano ndani ya bunduki, mdogo wake Lazaro kulia na mkuki, mimi kushoto. Tulimkuta mama wa watu chini ya kichaka, tumbo limekwisha, na simba akainuka nyuma yake hatua ishirini kutoka kwetu.

Mathayo alipiga. Mlio haukuwa mmoja. Nilisikia mlio, na ndani yake mlio mwingine, na vipande vya chuma vikapita karibu na sikio langu. Moshi ulipopungua Mathayo alikuwa amesimama akiutazama mkono wake wa kushoto, ule ulioshikilia bunduki kwa mbele, na mkono haukuwapo. Palikuwa na kidole gumba kinachoning'inia kwenye mshipa. Hakulia. Simba alimrukia hivyo hivyo akiwa anashangaa, akamkamata usoni. Nilisikia mfupa wa taya ukivunjika. Lazaro alipiga kelele na kuuzamisha mkuki ubavuni mwa simba, nami nikampiga kwa wangu, akaondoka na mikuki yote miwili, ikimdondoka njiani. Tulimbeba Mathayo kwenye shuka. Alikata roho kabla hatujaufikia mti wa kwanza wa kijiji.

Watu hawakuuliza bunduki imepasukaje. Waliulizana nani ameigeuza. Singida wazee wanakumbuka miaka ya simba wa watu, simba wenye mwenyewe, mchawi anayewafuga na kuwatuma kuua, na inaaminiwa kwamba simba wa namna hiyo risasi humrudia aliyeipiga. Basi wakaanza kuhesabu nani hajaliwa. Kuhesabu huko hakukuchukua muda mrefu.

Jumatano mchana, wenzangu wakichimba kaburi, niliikunjua ile bunduki kwenye turubai. Nilitaka kujua ni mtutu au ni kitako changu. Mtutu ulikuwa mzima. Kitako kilikuwa kizima, hata ngozi ya ndama haikulegea. Kilichopasuka ni lile bomba la chini. Ndani yake nikakuta ganda lililochanika, na kwenye tako lake, katikati ya fataki, kile kidonge kinachogongwa na nyundo ili baruti iwake, palikuwa na tundu dogo la mviringo. Nilichukua kipande cha spoku nikakiingiza. Kiliingia bila kulegea. Bunduki ilipopiga teke, risasi zilirudiana ndani ya bomba, na ncha yangu ikaigonga fataki ya mwenzake, barabara kama nyundo ya triga.

Nilikunja turubai. Kisha nikaenda mazikoni.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Yeye ndiye anayeruka juu ya kaburi, anayemdai marehemu, anayesema upuuzi ili wenye machozi wapate pa kupumulia. Watu walikuwa wananisubiri. Nilisimama kwenye udongo mbichi nikasema, "Huyu nimemwua mimi, kwa ncha zangu mwenyewe." Nilisema kweli, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima. Wakacheka. Hata Lazaro, macho yamevimba, alicheka na kunirushia donge la udongo. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumshika bega nikamwambia sitanii. Lakini kicheko kile kilinipa nafuu, na nikakifuata. Nikaongeza mzaha wa pili na wa tatu. Niseme nini zaidi? Niliogopa.

Usiku sikulala. Nilijiambia hasira zao zitapoa.

Alhamisi asubuhi nilisikia kelele ng'ambo ya korongo, nikaona moshi. Nilichukua risasi tatu zilizobaki, kipande cha bomba, nondo fupi na nyundo, nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile, wala sijawahi kuchelewa vile. Uzio ulikuwa unawaka. Felista alikuwa amelala kizingitini, kichwa kimepondwa kwa mawe. Walisema baadaye kwamba alisimama mlangoni na kukataa kupisha. Mama Kristina alikuwa amepiga magoti juu yake, damu ikimtoka sikioni, na Lazaro amesimama nyuma yake na panga. Mwenyekiti Antipasi alikuwapo. Alikuwa anaitazama miguu yake.

Nilipiga kelele kwamba mama huyu hana kosa, kwamba bunduki imepasuka kwa sababu yangu. Watu wawili watatu walitabasamu kwa aibu. Lazaro hakugeuka.

"Utani ulikwisha jana, mtani," akasema. "Leo nenda nyumbani."

Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyojifungia mlango. Maneno yangu hayakuwa na thamani tena, nilikuwa nimeyachezea kaburini. Nikajipenyeza mpaka kwenye jiwe la kusagia lililokuwa uani, nikasimamisha bomba juu yake na kulishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa jiliwa langu la kubania vyuma lilikuwa ng'ambo ya korongo. Nikatia risasi ya kwanza, ncha juu. Nikatia ya pili juu yake. Nikatia nondo. Nikamwita Lazaro kwa jina la baba yake, jina ambalo halitaniwi, na alipogeuka nikapiga nyundo.

Sikusikia mlio. Nilisikia joto tu, kisha nikajikuta nimekaa chini. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekwenda, na kipande cha bomba kilikuwa kimejikita kwenye nguzo ya tembe, hatua moja kutoka kwenye kichwa cha Lazaro. Risasi moja ilibaki mfukoni mwangu. Niliitoa kwa mkono wa kulia nikamrushia. Aliiokota, akaigusa ncha kwa kidole, damu ikatoka. Aliitazama damu ile, akautazama mkono wangu, na nikaona amekumbuka mkono wa kaka yake. Panga lilimponyoka. Nilikuwa nimemsogezea shingo makusudi, na nilitaka alitumie, lakini alikaa chini kwenye majivu ya uzio, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Wengine walirudi nyuma mmoja mmoja wakidondosha mawe, kimyakimya, kila mtu akijifanya lake halikurushwa.

Nikabaki mimi na yule mama. Alikuwa amekwisha kuacha kumtikisa binti yake. Aliutazama mkono wangu bila huruma na bila hasira, kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake njiani.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua.

"Tangu jana mchana, mama."

Alifikiri. Alikuwa anaitafuta jana mchana, nikaona ameipata.

"Jana mchana tulikuwa tunapeta uwele hapa," akasema. "Mimi na Felista." Kisha akafungua kanga yake kiunoni, akamfunika miguu.