Gurudumu Lililoombewa

Kazi yangu ni kukagua mashine za michezo: farasi wa kuzunguka, magari ya kugongana, na yale magurudumu makubwa ambayo watu hupanda wakakaa kwenye viti vya kuning'inia. Msimu wa maonyesho ukifika, kuanzia Embu hadi Meru, wenye mashine hizo huniona nikija wakaanza kusonya. Wananiita Mama Hapana. Bolti ikikosekana nasema hapana, waya ukiwa uchi nasema hapana, na mtu akinipigia magoti ndiyo kabisa nasema hapana. Nina hasira za karibu, hata mume wangu anajua, lakini katika kazi hii hasira husaidia.

Mashine iliyonishinda haikuwa ya mfanyabiashara yeyote. Lilikuwa gurudumu la kanisa letu la nyumbani, kule juu ya Nkubu, na aliyeongoza akina mama kulinunua gurudumu hilo ni mama yangu mzazi.

Mama anaitwa Makandi. Alipokuwa msichana, babu alimpeleka kwenye maonyesho akaona gurudumu likizunguka, akaomba kupanda. Babu akamwambia hicho ni kitu cha watu wasio na kazi. Tangu siku hiyo Mama ameyaona magurudumu mengi, na yote ameyaona kutoka chini. Kwa hivyo akina mama wa kanisa walipotafuta mradi wa kufurahisha watoto wakati wa likizo, hakuna aliyepata nafasi ya kutaja ng'ombe wala mahema ya kukodisha. Waliuza kuku, wakauza maziwa, wakanunua gurudumu kuukuu kwa mtu mmoja wa Embu aitwaye Nyamu. Wenzangu wa Embu walikuwa wamemwambia Nyamu alipumzishe. Hilo hakuwaambia akina mama.

Waliniita Ijumaa, siku moja kabla ya ufunguzi. Waliniita vile binti wa nyumbani anavyoitwa, si vile mkaguzi anavyoitwa. Nilikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe, mukimo wa viazi na mahindi umefunikwa, kuku amefunikwa, na kando ya sahani yangu kuna kalamu mpya ya kutia sahihi.

"Engineer wetu, kula kwanza," alisema Mchungaji Mithika.

"Nitakula nikimaliza, Mchungaji."

Gurudumu lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa kanisa, limepakwa rangi ya buluu na manjano, limezungushiwa taa za rangi kama za duka la simu. Fundi Murungi, kijana wa kuchomelea vyuma pale sokoni, alinionyesha kazi yake kwa fahari. Alikuwa ameitoa mota ya zamani akaweka mota ya posho mill, ile ya kusagia mahindi.

"Ile ya kwanza ilikuwa slow sana, madam. Hii sasa iko na nguvu."

Nikapanda ngazi. Pale katikati, kwenye kitovu ambapo mikono yote ya gurudumu inakutana, rangi ilikuwa nzito kuliko kwingine, na rangi nzito mahali pamoja hunitia wasiwasi. Niliikwangua. Chini yake kulikuwa na ufa mrefu kama kiganja changu. Mtu alikuwa ameuchomelea zamani, nao ukafunguka tena kando ya pale pale alipochomelea. Nikashuka nikatazama viti. Pini kadhaa za kufungia nondo za mbele, zile za kumzuia mtu asianguke, hazikuwapo, mahali pake pamepigwa misumari ya kupigia mbao ikakunjwa.

Nilimwita Murungi, nikamwonyeshea kitovu kwa kidole.

"Murungi, umeona hii kitu?"

"Hiyo ni crack ya juu juu, madam. Na tulifanya test. Tuliweka magunia ya viazi kila kiti, ile viazi ilikuwa inaenda soko ya Gakoromone. Ikazunguka asubuhi yote. Hata gunia moja haikuanguka."

"Na viazi vilisema nini?"

Akacheka, akidhani natania. Gunia la viazi halisimami kwenye kiti. Halimwinamii mwenzake kumwonyesha paa la kwao. Na chuma kilichopasuka kinaweza kuzunguka asubuhi yote bila neno, kisha mchana kikaachia. Nilimwambia hayo yote kwa sauti ambayo akina mama waliokuwa wakimenya viazi waliisikia mpaka jikoni.

Mchungaji akanishika bega. "Kananu, hii gurudumu imeombewa. Hawa kina mama wamefunga kula, wiki mzima wanaomba. Sasa wewe unataka kusema nini?"

"Mimi pia naomba, Mchungaji. Lakini hiyo chuma imepasuka."

"Sasa hapo unaongea kama mtu wa ofisi."

Mimi ni mtu wa ofisi. Kalamu sikuigusa. Nilitoa kwenye gari utepe mwekundu tunaofungia mashine mbovu, nikaufunga kwenye mlango wa uzio kutoka nguzo hadi nguzo, nikawaambia asiingie mtu. Hakuna aliyebishana nami. Mama, aliyekuwa kando ya meza, alichukua sahani yangu akairudisha jikoni ikiwa safi vile vile. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Mchungaji.

Nikampigia simu Gitobu, mkubwa wangu kazini.

"Kananu, hiyo ndiyo mashine mheshimiwa anakuja kufungua kesho?"

"Ndiyo hiyo. Imepasuka kwa kitovu."

"Sasa sikiliza. Wewe andika ripoti poa. Monday tutaishughulikia."

"Watoto wanapanda kesho, boss."

"Monday, Kananu." Akakata simu.

Nikaenda kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu alinipa kiti, akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma. Akaniambia nilete amri ya korti, na korti imefungwa mpaka Jumatatu. Nilipoinuka alinisindikiza hadi mlangoni akaniuliza kama watu wazima pia wanaruhusiwa kupanda, maana mke wake alikuwa ameshasema watakuja.

Jioni nilimkuta Mama akikamua. Nilichutama kando ya ng'ombe kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo, nikamwomba. Sikumpigia kelele. Nilimwambia kuhusu ufa, nikamwambia kuhusu misumari, nikamwambia aahirishe wiki mbili tu nitafute fundi wa kweli.

Nyumbani tunaongea Kimeru, na Mama kwa Kimeru hana haraka.

"Wale wanawake waliuza kuku wao kwa sababu mimi niliwaambia wauze," alisema. "Kesho nisimame niwaambie binti yangu amekataa? Watasema tulimsomesha aje kutuaibisha."

"Heri waseme, Mama."

"Wewe utarudi mjini. Mimi nitaketi nao Jumapili."



Jumamosi asubuhi nilifika uwanjani mapema, na sitaficha nilichoendea: nilikuwa na kisu, nilitaka kuukata mkanda wa mota. Murungi hakuwa mjinga. Alikuwa ameifungia mota ndani ya kizimba cha chuma na kukitia kufuli, naye amekaa juu ya kizimba hicho akinywa uji. Akanikaribisha uji. Nilikataa kwa maneno ambayo hayafai kusemwa kwenye uwanja wa kanisa.

Watu wakajaa. Watoto wa Sunday school walikuja na soksi nyeupe, akina mama na vitambaa vya buluu kichwani. Niliwazungukia mmoja mmoja. Wengine waliniitikia kwa adabu wakasogea mbali. Ni Kendi pekee aliyenisikiliza. Kendi tulikaa dawati moja shuleni, naye alikuja na kasichana kake, Maxine.

"Unasema ukweli, Kananu?"

"Kendi, mimi nimewahi kukudanganya?"

Akamvuta Maxine karibu, akamshika mkono kwa nguvu. Mtoto akaanza kulia. Nilimwona mtoto yule akilia nikashukuru, kwa maana katika uwanja mzima nilikuwa nimemwokoa huyo mmoja.

Mheshimiwa alifika na magari yake. Hotuba zikaenda, nyimbo zikaenda, kisha ikagundulika kwamba akina mama walikumbuka makasi, walikumbuka sahani ya kuwekea makasi, walikumbuka hata kitambaa cha kufunika sahani, lakini utepe wa kukata walisahau. Mmoja alitumwa dukani, akarudi mikono mitupu. Ndipo nikamsikia mwingine akisema kwa furaha, "Lakini si iko ile nyekundu Kananu alifunga kwa gate?"

Nilikimbia. Nilisimama mbele ya utepe wangu nikapanua mikono kama mtu anayezuia mbuzi.

"Hii si ya kukata!" nilipiga kelele. "Hii ni ya kukataza! Mashine ni mbovu!"

Kipaza sauti kilikuwa kwa Mchungaji. "Na huyu ni binti wetu," kilisema, "engineer Kananu, ametoka Meru town kuja kutufungia utepe. Tumpigie makofi!" Vigelegele vikanifunika. Nilikuwa ninaona tu midomo ya watu ikicheka. Mheshimiwa alinipa mkono, akanizungusha kwa upole tukaangalia kamera pamoja, na nikiwa bado naongea akaukata.

Aliyeanzisha jambo ndiye hulionja kwanza, hivyo ndivyo kanisani kwetu. Nilipogeuka, Mama alikuwa amekwisha kupita na kukaa kwenye kiti cha kwanza, mkoba magotini.

"Mama, shuka. Nakuomba."

"Watu wanaangalia."

Nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa umekaza kwenye chuma cha mbele. Ningeweza kumvuta, nina nguvu kuliko yeye, lakini ningemvuta vipi mama yangu mzee mbele ya wanawake wake, kitambaa kikimwanguka kichwani? Murungi alikuwa amesimama kwenye swichi akinisubiri niondoke. Sikuondoka. Nilipanda nikaketi karibu naye, nikaivuta ile nondo ya mbele. Upande wangu ilikuwa imefungwa kwa msumari. Sijui nilidhani nitafanya nini huko juu. Niliushika msumari kwa vidole na sikuuachilia.

Mota ya posho mill ilishtuka nasi tukashtuka nayo. Tukapanda kidogo, tukasimama, watoto wakaingia kiti cha chini yetu. Tukapanda tena, wengine wakaingia. Hivyo hivyo hadi tukafika juu kabisa, na kutoka kule juu niliona vichwa vya watoto katika kila kiti kilichotufuata. Hapo ndipo kitovu kilipogonga. Haukuwa mlio mkubwa. Ni kama mtu aliyegonga sufuria kwa kijiko ndani ya nyumba ya jirani.

Mama aliusikia. Alikuwa hajaangalia popote tangu tuanze kupanda, macho yake yalikuwa kwenye mkoba wake.

"Kananu," alisema kwa Kimeru, polepole. "Ule ufa ni wa kweli, au ni ukali wako tu?"

Nilimtazama. Mdomo wake ulikuwa ukitetemeka kama wa mtoto. Chini hakukuwa na njia ya kushuka, juu hakukuwa na la kushika, na ukweli wangu, ambao tangu jana nilikuwa nimeubeba kutoka mlango hadi mlango, haungemfanyia lolote pale isipokuwa kumtisha mpaka tufike chini. Kama tungefika chini.

"Ni ukali wangu tu, Mama," nikasema. "Mashine iko salama."

Akashusha pumzi. Vidole vyake vikaachia nondo kimoja kimoja, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatazama kutoka juu. Aliona majani chai, aliona mabati ya kanisa, aliona mlima umejifunika.

"Pale si kwetu?" aliuliza. "Yule si ng'ombe wetu?"

"Ndiye."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, na niliipenda sauti ile, Mungu anisamehe, kwa kitambo hicho sikujuta.

Tukaanza kushuka upande wa pili, kiti kimoja kimoja, kitovu kikigonga. Tulipobakiza nafasi moja kufika chini gurudumu lilisimama. Kilichokuwa kimebaki bila mtu ni kiti cha mwisho tu, kilichokuwa chini kabisa mbele yetu. Kendi alikuwa pale pale kwenye uzio, bado amemshika Maxine, na mtoto bado analia. Nikataka kumwambia Murungi atushushe, hapo hapo, tuteremke wote. Mama alinitangulia. Alisimama nusu kwenye kiti, mwenye furaha, akampungia mkono.

"Kendi! Leta mtoto! Kananu mwenyewe amesema iko salama!"

Kendi akanitazama. Sikumjibu. Nilichelewa, nilimwangalia Mama kwanza, nikaona vile uso wake ulivyokuwa, na Kendi akakusoma kunyamaza kwangu kama ndiyo.

Nilipofungua mdomo, muziki ulikuwa umeshawashwa. Nilipiga kelele jina la Kendi. Alinipungia mkono. Kisha akamwinua Maxine, akampangusa machozi, akamkalisha kwenye kile kiti cha mwisho peke yake, na Murungi akaiongeza mota mwendo.