Shelaki ya Marehemu Ila

Scholastika alikuwa na kasoro moja ambayo mwenyewe aliiita wema: akiona jambo linaelekea kuharibika, hulitengeneza kwanza, kuuliza baadaye. Kwa miaka kumi na tisa kasoro hiyo ilimfaa katika karakana ya Mzee Umakant pale mtaa wa Gerezani, walikotengeneza magitaa na ala za nyuzi za Kihindi. Alhamisi ile haikumfaa.

Mezani ililala tanpura, moja ya ala hizo, ya marehemu Ila, mke wa mzee. Tumbo lake, kibuyu kikubwa kikavu, lilikuwa limepasuka, na uso wa mbao ulikuwa umebanduliwa ili nyufa zizibwe kwa ndani; zilikwisha kuzibwa. Jumapili ndugu wangekusanyika kwa sala ya kutimiza mwaka tangu Ila afariki, na binti yake Sejal angeipiga mbele ya wote. Mzee alikuwa hapati usingizi kwa kuiwaza siku hiyo.

Asubuhi aliteremsha rafuni chupa ya mwisho ya shelaki aliyoichanganya Ila kwa mkono wake, akaiweka kando ya kibuyu. "Hii ni ya tanpura," alisema, kisha akaenda Kariakoo kununua gundi.

Shelaki ni magamba ya rangi ya asali yanayoyeyushwa kwenye spiriti na kupakwa kwenye mbao ili zing'ae. Ikiwa mpya, hukauka upesi. Ikikaa miaka ndani ya spiriti inachoka. Utaipaka leo, na mwezi ujao bado inanata. Ndiyo maana Ila aliandika tarehe kwenye kila chupa. Alitumbukiza pia karafuu moja, kwa sababu ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Chupa hii ilikuwa na miaka minne.

Scholastika alishaijaribu tangu Jumanne, mzee alipoitaja mara ya kwanza. Alidondosha tone kwenye kipande cha kioo, kama Ila alivyomfundisha. Sasa alipolibonyeza, ukucha ulizama. Akaiona Jumapili yote: vidole vya Sejal vinanata, mashangazi wananong'ona, mzee kainamisha kichwa. Akamhurumia. Akaimwaga shelaki ya Ila kwenye mtaro wa nje, karafuu ikaondoka na maji meusi ya gereji jirani, akaijaza chupa shelaki mpya aliyoichanganya jana yake. Rangi zilifanana, naye akajiona amefanya la maana.

Mzee alirudi karibu na adhuhuri.

"Shikamoo, mzee. Umepata?"

"Marahaba. Nimepata." Akavaa miwani. "Nje tutapaka ile yako mpya. Ile itakauka."

Scholastika aliitazama chupa. "Na hii ya mama?"

"Hiyo imeharibika siku nyingi. Unadhani sijui kazi yangu?" Alikaribia kutabasamu. "Hiyo ni ya ndani ya kibuyu. Huko hakuna mkono unaofika, hata isipokauka si neno. Nikishabandika uso, itabaki humo. Sejal akipiga, mama yake yumo."

Akafungua kizibo, akanusa. Akanusa tena. Akaielekeza chupa kwenye mwanga, akaizungusha polepole.

"Karafuu iko wapi?"

"Nimeimwaga, mzee. Yote. Niliogopa itakuaibisha Jumapili."

Mzee hakufoka. Heri angefoka.

"Ungeniuliza tu," alisema.

Scholastika alitoka mbio, akapiga magoti mtaroni, akazamisha mkono hadi kiwiko. Alitoka na tope na mafuta machafu. Hapo ndipo alipokumbuka kioo. Akakileta kwa mikono miwili, akilia waziwazi. Tone lilikuwa bado bichi.

Mzee alikisogeza dirishani. Lilikuwa tone dogo lililoshika vumbi, na katikati yake mfuo uliopinda.

"Hapa pana alama ya ukucha wako, si mkono wa mke wangu," alisema, akamrudishia.

Kisha akaupaka gundi ukingo wa ule uso wa mbao, akaufunika juu ya kibuyu kitupu. Akamwomba ashikilie upande wa pili mpaka gundi ishike. Scholastika akafuta mkono kwenye kanga, akashikilia.